Kifo cha Ghafula na Picha za Moyo

Vifo vyote vyaumiza, lakini hakuna kinachowavuruga watu kama kifo cha ghafula cha kijana mwenye nguvu. Mzee akifa, twasema siku zake zimetimia. Mgonjwa akifa, twautaja ugonjwa wake. Lakini kijana aliyeamka mzima, akaenda mpirani au shambani, akaanguka bila kusema neno, tutamtajia ugonjwa gani? Hapo watu hukosa jina la ugonjwa, wakatafuta jina la mtu. Kilio hakijaisha, na tayari mnong'ono unapita: "Huyu hakufa bure; ameliwa." Na kwa kawaida jina linalotajwa ni la mtu asiye na mtetezi: bibi mjane, mjomba aliyegombana na marehemu juu ya shamba, au mtoto yatima anayelelewa katika nyumba ile.

Leo nataka kuwaeleza habari za sababu moja ya vifo vya namna hiyo, yaani ugonjwa wa msuli wa moyo, na jinsi wanadamu walivyopata kuuona. Ni habari ya miaka karibu themanini, na sehemu yake moja kubwa ilitendeka hapa hapa Afrika. Kiini chake ni hiki: hapo kwanza ugonjwa huu ulionekana katika maiti tu, leo waonekana katika watu walio hai, tena kabla haujawaua. Jambo hilo latupasa sisi nasi kubadili swali tunaloliuliza penye kilio.

MOYO NI MSULI

Katika mafundisho na nyimbo twautaja moyo kama kikao cha mapendo na nia njema. Lakini moyo wa nyama ni msuli, wenye ukubwa wa ngumi ya mwenyewe. Una vyumba vinne: viwili vya juu hupokea damu, viwili vya chini huisukuma. Chumba cha chini cha kushoto ndicho chenye kazi kubwa, maana chapeleka damu hata kichwani na miguuni. Kwa hiyo ukuta wake ni mnene kuliko kuta nyingine. Kwa siku moja moyo hupiga mara 100,000 hivi, na kila pigo huanzishwa na umeme mdogo sana unaopita katika nyama yake kwa njia iliyopangwa.

Kifo cha ghafula huja mara nyingi kwa upande wa umeme huo. Msuli ukinenepa kupita kiasi, au ukiingiwa na makovu, umeme wapotea njia. Badala ya kupiga, moyo watetemeka tu, kama ngoma inayopigwa na watu kumi wasiosikilizana. Damu haisukumwi tena. Baada ya sekunde chache mtu azimia, na asiposaidiwa kwa dakika chache afa. Hakuna jeraha, hakuna uvimbe, hakuna damu iliyomwagika. Ndiyo sababu anayetazama kwa nje haoni kitu, na asiyeona kitu huamini lolote analoambiwa.

KAMPALA, 1948

Kwa muda mrefu waganga wa hospitali nao hawakuwa na njia ya kutazama ndani. Mwaka 1816, huko Paris, mganga Laennec alikunja karatasi ikawa kama bomba, akaiweka kifuani pa mgonjwa. Ndiyo asili ya chombo cha kusikilizia tunachokiona shingoni mwa kila mganga. Mwaka 1895 Mjerumani Röntgen aligundua miali inayopiga picha ya mifupa, ikawezekana kuona kivuli cha moyo. Halafu Mholanzi Einthoven alitengeneza mashini ya kuandika umeme wa moyo katika karatasi, akapewa tuzo la Nobel mwaka 1924. Vyombo hivyo vyote vingali na kazi. Lakini sauti si msuli, na kivuli si msuli. Kivuli chaonyesha kwamba moyo ni mkubwa; hakionyeshi ukuta upi umenenepa wala kovu liko wapi. Aliyetaka kuuona msuli wenyewe alingoja mgonjwa afe.

Ndivyo ilivyokuwa katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huko alifanya kazi mganga Mwingereza Jack Davies, ambaye kazi yake ilikuwa kupasua maiti na kutafuta sababu ya kifo. Katika mioyo ya watu waliokufa kwa ugonjwa wa moyo usio na jina, aliona jambo lililojirudia: ngozi ya ndani ya moyo imekuwa nene, nyeupe na ngumu, imeziba ncha ya chini ya chumba kama saruji iliyoganda chini ya ndoo. Mwaka 1948 aliandika habari hiyo katika gazeti la waganga wa Afrika ya Mashariki. Miaka miwili kabla yake, Waingereza wengine wawili, Bedford na Konstam, walikuwa wamekwisha eleza maradhi ya moyo yaliyowaua askari wa Afrika ya Magharibi. Mwaka 1954 Davies pamoja na wenzake Williams na Ball walieleza namna ya kuutambua ugonjwa huo kwa mgonjwa aliye hai, kwa kadiri ya vyombo walivyokuwa navyo.

Kwa Kiswahili tungeweza kuuita kovu la ndani ya moyo. Wanaopatwa zaidi ni watoto na vijana wa watu maskini, na chanzo chake bado kinatafutwa hata leo. Mara nyingi huua polepole, kwa tumbo kujaa maji na pumzi kupungua, ingawa wengine hufa ghafula. Nimeanza na ugonjwa huu kwa sababu wauonyesha vizuri msiba wa siku zile: mafundi waliufahamu barabara, wakauchora, wakaupa jina, lakini waliousoma waziwazi waliusoma katika mioyo iliyokwisha simama.

LONDON, 1958

Miaka kumi baadaye jambo la namna ile ile lilitokea London. Donald Teare, wa hospitali ya St George's, alizoea kuitwa kupasua maiti za watu waliokufa bila sababu kujulikana. Mwaka 1958 aliandika habari za watu 8, wote kati ya miaka 14 na 44. 7 kati yao walikufa ghafula. Katika mioyo yao ukuta wa kati, ule unaotenga chumba cha kushoto na cha kulia, ulikuwa umenenepa kupita kiasi, kuliko sehemu nyingine za moyo. Alipoutazama kwa darubini, nyuzi za msuli hazikulala pamoja kama ukindu wa mkeka uliosukwa vizuri. Zilikuwa zimevurugika, hii huku na hii kule. Teare alifikiri ameona namna ya kivimbe.

Hakikuwa kivimbe. Mwaka 1960 yeye na wenzake waliandika juu ya ukoo mmoja ambamo ugonjwa huo ulipita kutoka mzazi hadi mtoto. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, Christine Seidman na Jonathan Seidman na wenzao walionyesha kosa lenyewe katika mbegu ya urithi, mahali panapoagiza namna ya kutengeneza nyuzi za msuli wa moyo. Leo twajua kwamba mzazi mwenye ugonjwa huu aweza kumrithisha kila mtoto, wa kiume au wa kike. Kwa kila mtoto uwezekano ni nusu kwa nusu. Hesabu iliyofanywa Marekani mwaka 1995 ilionyesha kwamba mtu 1 kati ya 500 ana moyo wa namna hiyo. Wengi wao huishi hata uzee bila taabu kubwa. Wachache hufa ghafula, na mara nyingi ni vijana.

Basi angalieni: ndugu wawili watatu wa tumbo moja wanaweza kufa kwa namna ile ile, kila mmoja kwa mwaka wake. Jirani aonaye mambo hayo atasema nini? Atasema nyumba ile inawindwa. Kumbe ni urithi, kama vile mtoto arithivyo pua ya babaye.

CHOMBO KUTOKA KIWANDA CHA MELI

Hata hivyo dawa ya upofu huo ilikwisha kuanza, miaka mitano kabla ya maandishi ya Teare, na ilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia. Katika nchi ya Sweden, mjini Lund, mganga Inge Edler alitaka kuiona milango ya moyo ikifunguka na kufungwa. Alizungumza na mwalimu wa fizikia, Hellmuth Hertz. Huyu alijua kwamba katika kiwanda cha meli cha Kockums, mjini Malmö, mafundi walikuwa na chombo cha kupima chuma. Chombo kile hutuma sauti nyembamba mno, isiyosikiwa na sikio la mtu, ndani ya chuma. Ikikuta ufa, yarudi kama mwangwi, na fundi ajua ufa uko wapi bila kukikata chuma.

Watu wa Katanga, waliozaliwa kati ya shaba na reli, watalifahamu jambo hili upesi. Fundi wa reli hugonga gurudumu kwa nyundo na kusikiliza; gurudumu zima hulia vizuri, lenye ufa hulia vibaya. Hertz alijaribu chombo cha kiwandani kifuani pake mwenyewe, akaona mwangwi unaotembea pamoja na moyo. Tarehe 29 Oktoba 1953 yeye na Edler walipata kuandika mwendo wa moyo wa mtu aliye hai kwa njia ya mwangwi. Hapakuwa na kisu, wala damu, wala uchungu.

Mwanzoni ilikuwa mistari tu katika karatasi. Katika miaka ya 1970 mistari ikawa picha kamili inayocheza kama sinema. Chombo hicho ndicho ekografi, ambacho akina mama wengi wanakijua kwa sababu ya mimba. Kikielekezwa kifuani badala ya tumboni, ni ekografi ya moyo. Ukuta ule wa kati, ambao Teare aliupima katika maiti, leo hupimwa kwa milimita huku mwenyewe akilala juu ya kitanda na kuongea.

KUIPIMA HATARI

Lakini kuuona ugonjwa ni jambo moja. Kujua ni nani atakayekufa ghafula ni jambo la pili. Hapo ndipo waganga wamefanya kazi tangu miaka mingi, na yafaa tujue walifika wapi.

Kwanza, unene. Kwa mtu mzima ukuta wa moyo kwa kawaida hauzidi milimita 12. Ukifika milimita 15 au zaidi, bila sababu nyingine kama vile shinikizo kubwa la damu, mganga huushuku ugonjwa huu. Mwaka 2000 Mwitalia Paolo Spirito na wenzake waliandika habari za wagonjwa 480 waliofuatwa kwa miaka. Waliona kwamba kadiri ukuta ulivyokuwa mnene, ndivyo vifo vya ghafula vilivyozidi. Wenye ukuta wa milimita 30 au zaidi walikuwa katika hatari kubwa kuliko wote: katika watu 1,000 wa namna hiyo, karibu 18 walikufa ghafula kila mwaka.

Pili, makovu. Ekografi haioni vizuri kovu dogo lililofichika ndani ya nyama. Kwa hiyo ikaja mashini nyingine kubwa, inayofanya kazi kwa nguvu ya sumaku. Mgonjwa huchomwa sindano ya dawa yenye madini yaitwayo gadolinio. Dawa hiyo hukawia mahali penye kovu, na kovu hung'aa katika picha. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya wagonjwa 1,293: wale ambao makovu yalifika sehemu 15 katika 100 za msuli wa chumba cha kushoto walikuwa na hatari ya kifo cha ghafula mara mbili ya wale wasio na kovu.

Tatu, mambo yasiyoonekana katika picha. Je, mtu aliwahi kuzimia bila sababu? Je, katika ukoo wake yuko aliyekufa ghafula akiwa kijana? Je, karatasi ya umeme yaonyesha mapigo yaliyovurugika? Mwaka 2014 waganga wa Ulaya walikubaliana kuyajumlisha mambo haya pamoja na vipimo vya picha na umri wa mgonjwa, ili kukadiria hatari ya miaka mitano inayofuata.

Basi picha si utabiri. Mpiga ramli husema, "Utakufa," au, "Hutakufa." Mganga mwenye picha husema, "Hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani yako, tena kwa kadiri hii." Yuko mwenye ukuta mnene atakayezika wajukuu, na yuko mwenye ukuta mwembamba atakayeanguka. Hata hivyo, makadirio yaliyopimwa hufaa sana, maana huonyesha nani alindwe kwanza. Mwaka 1980, huko Baltimore, Marekani, mtu wa kwanza aliwekewa ndani ya mwili kile chombo cha Michel Mirowski, kinachousikiliza moyo usiku na mchana na kuushtua kwa umeme ukianza kutetemeka. Chombo hicho ni ghali sana. Hata katika nchi tajiri hakiwekwi ovyo. Lazima ijulikane ni nani anayekihitaji, na picha ndizo shahidi mmojawapo.

UWANJA WA LYON

Wengi wenu mnakumbuka tarehe 26 Juni 2003. Kamerun ilicheza na Kolombia mjini Lyon, Ufaransa. Katika dakika ya 72 Marc-Vivien Foé, mwenye miaka 28, mtu mrefu na mwenye nguvu, alianguka katikati ya uwanja bila kuguswa na mtu. Walimhangaikia kwa muda mrefu, wasiweze kumrudisha. Maiti ilipopasuliwa, ulionekana moyo ulionenepa, ugonjwa ule ule wa Teare.

Afrika nzima ilimlilia, na maneno mengi yalisemwa katika baa na penye vituo vya taksi. Lakini lililofaa ni lile lililotendwa baadaye. Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka 2006, FIFA iliagiza wachezaji wapimwe moyo, kwa karatasi ya umeme na kwa ekografi. Nchi ya Italia ilikuwa imetangulia: tangu mwaka 1982 sheria yake yataka kila mwanamichezo wa mashindano apimwe umeme wa moyo, na mwenye shaka apelekwe kwenye picha. Katika jimbo la Veneto, vifo vya ghafula vya wanamichezo vijana vilikuwa 3.6 kwa mwaka kati ya watu 100,000. Kufikia mwaka 2004 vilikuwa vimeshuka hadi 0.4. Vifo hivyo havikupunguzwa na hirizi.

INHARRIME, MSUMBIJI

Labda msomaji atasema: "Hayo ni ya Ulaya na ya watu wenye fedha." Basi tuutazame ule ugonjwa wa Mulago tena, safari hii katika vijiji. Mganga wa Msumbiji, Mama Ana Olga Mocumbi, alikwenda na wenzake katika wilaya ya Inharrime, wakiwa na ekografi ya kubebeka. Hawakungoja wagonjwa waje hospitalini. Waliwapima watu 1,063, wakubwa kwa wadogo, waliochaguliwa kwa kura. Matokeo yalitangazwa mwaka 2008: watu 211 walikuwa na kovu la ndani ya moyo, yaani karibu mtu 1 katika kila 5. Na katika hao 211, ni 48 tu waliokuwa wakisikia taabu yoyote.

Fikirini maana yake. Watu zaidi ya 160 walikuwa wakilima, wakiteka maji, wakienda shule, bila kujua kwamba mioyo yao ina kovu. Kati ya Davies aliyeshika moyo uliokufa mwaka 1948, na Mocumbi aliyeuona moyo unaopiga, imepita miaka 60. Ugonjwa haukubadilika. Kilichobadilika ni wakati wa kuuona.

SWALI LA KUULIZA PENYE KILIO

Sasa turudi kwetu Lukafu na Lubumbashi. Simaanishi kwamba kila anayeanguka ana ugonjwa wa msuli wa moyo. Ziko sababu nyingine: shinikizo la damu, mishipa iliyoziba, milango ya moyo iliyoharibiwa na homa ya viungo ya utotoni, na nyingine nyingi. Tena kwetu si desturi kupasua maiti. Jamaa hukataa, au hakuna wa kuifanya kazi hiyo. Kwa hiyo marehemu huzikwa pamoja na siri yake.

Lakini siri hiyo si yake peke yake. Kama ilikuwa ya urithi, iko pia katika vifua vya ndugu zake walio hai, na hapo yaweza kusomwa. Penye kilio watu huuliza, "Ni nani aliyemwua?" Swali hilo halimponyi mtu. Humfukuza bibi kutoka nyumbani mwake na kumwacha mdogo wa marehemu akimbie uwanjani na moyo ule ule. Amri ya nane yatukataza kumsingizia jirani. Na hapa asingiziwaye huumia kwa dhahiri, na mwenye hatari hubaki bila mlinzi. Swali linalofaa ni hili: "Ndugu zake ni wangapi, na nani kati yao aliwahi kuzimia?"

Mambo ya kuangalia si mengi, na kila mzazi, mwalimu na kocha aweza kuyakumbuka. Kijana anayezimia akikimbia au akifanya kazi ngumu; kijana anayeumwa kifua au kukosa pumzi kuliko wenzake; kijana anayesikia moyo ukienda mbio bila sababu; na yeyote ambaye baba, mama au ndugu yake alikufa ghafula kabla ya uzee. Hao wasipewe bwanga, wala wasiambiwe wajikaze. Wapelekwe kwa mganga wa hospitali, wapimwe umeme wa moyo, na ikiwezekana wafanyiwe ekografi ya moyo. Safari yaweza kuwa ndefu na malipo mazito. Lakini jamaa wanaochanga fedha za matanga waweza pia kuchangia kipimo. Akionekana na ugonjwa, mganga atamwambia kazi gani aifanye, mchezo gani auache na dawa gani anywe, na watoto wake nao watapimwa kwa wakati wao.

Na mtu akianguka mbele yenu, asiitike wala asipumue, msimwagie maji. Tangu mwaka 1960 waganga wamefundisha njia ambayo kila mtu aweza kuitenda: mlaze chali mahali pagumu, weka mikono miwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu na upesi, mara 100 au zaidi kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akikimbia kuita msaada. Vijana wa mpira wajifunze jambo hilo kabla ya kununua jezi mpya.

Aliyefiwa na ndugu kwa namna hii, hata kama ni miaka iliyopita, na achukue karatasi leo, aandike majina ya ndugu wote walio hai na miaka yao, na mbele ya kila jina aandike kama aliwahi kuzimia. Akifika kwa mganga na karatasi hiyo mkononi, nusu ya kazi imekwisha fanyika.